Sprinkla zinaacha mabaka makavu? Anza na makopo, usianze na pampu

Wakuu, swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namleta hapa.

Kwangu Goba nina maji ya kisima yenye chumvi, pampu ya nusu hosipawa na sprinkla (vinyunyizio vya maji) nane za kuzunguka. Ukoka wa kando ya ukuta ulikuwa unateleza kwa maji, wa katikati umekauka kama fagio.

1. Washa, tembea, tazama. Sprinkla iliyolala inyooshe. Iliyozama kwenye majani inyanyue.

2. Fungua nozeli (kile kitundu kinachorusha maji) na kichungi, suuza. Kama chumvi imeganda, loweka kwenye siki usiku kucha. Usichokonoe kwa msumari, utapanua tundu.

3. Panga makopo kumi na mawili yanayofanana, yaliyonyooka ubavu, uwanja mzima. Washa dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Mimi nilipata milimita 9 ukutani na 2 katikati. Hapo ndipo ubishi na fundi ulipoisha.

4. Pima maji uliyonayo. Fungua bomba pale sprinkla zinapoanzia, SIYO kwenye tenki, ujaze ndoo ya lita 20. Yangu ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 30 kwa dakika. Nozeli zangu zinakula lita 5 kila moja, na ziko nane: 40. Hayatoshi, hata mtoto anaona.

Ila mimi sikupima kwanza. Niliambiwa "pampu yako ndogo mzee", nikanunua ya hosipawa moja na nusu. Siku ya kwanza nikafurahi, sauti ilikuwa kama mvua ya masika. Kumbe presha ikizidi maji yanapasuka kuwa ukungu, na upepo wa jioni ukaubeba wote hadi kwenye nguo za jirani. Katikati pakabaki pakavu vilevile. Siku ya tatu kiungo cha bomba kikafumuka chini ya ukoka, nikachimba nusu ya bustani kukitafuta. Presha ikipungua nayo ina alama yake: maji yanaangukia kwenye pete, ndani na nje ya pete pakavu. Tazama alama kabla hujatoa pesa.

Dawa ilikuwa koki mbili: sprinkla nne zinafanya kazi, zikimaliza nafungulia nne nyingine. Pampu ni ileile ya nusu.

5. Maji ya sprinkla moja yafike mguuni kwa mwenzake. Zikirusha mita 4, ziachane mita 4. Mafundi wengi wanaziachanisha mita 8 ili duara ziguse tu. Ndiyo mabaka yenyewe hayo.

6. Mwagilia alfajiri, kabla ya jua na upepo.

MASWALI

Chalii wa Mbezi: Mkuu mimi maji hayafiki kona, ninunue pampu gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Chalii wa Mbezi: Nimesoma mkuu, nataka jina la pampu tu.

Jibu: Ndoo ilijaa kwa sekunde ngapi? Huna jibu, basi hujasoma.

Bi Mkubwa wa Bustani: Samahani kaka, ndoo inapima maji yanayomwagika bure. Yakibanwa na nozeli si yatapungua?

Jibu: Dada umenikamata, hilo nililiruka. Yanapungua kweli. Ndiyo maana kwa lita 30 nimeweka sprinkla nne na siyo sita. Theluthi nzima naiacha. Mwenye geji ya presha aifunge kwenye bomba la sprinkla, atapata jibu safi kuliko ndoo.

Bi Mkubwa wa Bustani: Na za ukutani zinazozunguka nusu duara, nozeli iwe ileile?

Jibu: Swali zuri kuliko somo lenyewe. Maji ni yaleyale, eneo ni nusu, kwa hiyo ukuta unapata mara mbili. Hizo 9 zangu zilitoka hapo. Nusu duara weka nozeli inayokula nusu ya ile ya duara zima, na ya kona robo yake.

Mpangaji: Tenki langu liko juu ya mnara wa mita 4. Naweza kuacha pampu?

Jibu: Mita 10 za kimo ni kama bar 1 ya presha. Wewe una 0.4, na sprinkla nyingi zinataka 2 hivi. Tumia mpira na mkono, au mipira ya matone kwa maua.

Fundi Kasimu: Unatuchafulia kazi mafundi.

Jibu: Mita 8, Fundi. Mita 8.

Mama Kuku: Kwangu pakavu ni chini ya mwembe tu, makopo yamejaa sawa.

Jibu: Basi maji yanafika, mama. Ni kivuli, na mizizi inakunywa kabla ya ukoka. Hapo panda kingine kinachopenda kivuli.

Mama Kuku: Nimeweka benchi.

Jibu: Umenizidi akili.