Unataka kusoma uhandisi wa seramiki? Soma hii kabla hujajaza fomu

Ukimwambia mtu unasoma uhandisi wa seramiki swali la kwanza ni "kwa hiyo utakua unafinyanga vyungu?", ukikataa anakwambia "basi vigae". Zoea tu, hilo swali litakufuata mpaka ukiwa na kazi. Mi siku hizi namwambia atoe simu yake, humo ndani kuna mamia ya vikapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) vidogo kama punje za mchanga na vingi ni matabaka ya seramiki inaitwa bariamu titaneti. Ile sehemu nyeupe ya plagi ya gari ni alumina (oksidi ya alumini), jino bandia jeupe mara nyingi ni zirkonia (oksidi ya zirkoniamu), na tofali zilizopangwa ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma nazo ni zetu. Kioo na saruji pia vimo.

Tuanze na kutafuta kozi maana hapa ndo wengi wanapotea. Wanatafuta digrii yenye jina "seramiki", hawaioni, wanaacha. Digrii za jina hilo ni chache sana duniani. Chuo kikuu cha Ohio State kule Marekani walianza kuifundisha 1894 chini ya Edward Orton na leo hata wao wameiingiza ndani ya uhandisi wa materiali, yaani wa vitu vinavyotengenezewa bidhaa kama chuma, plastiki na seramiki. Vyuo vya Alfred huko New York na Missouri S&T bado wana digrii ya jina hilo, na Limoges, mji wa kaure wa Ufaransa, wana shule yao. Kwingine tafuta uhandisi wa materiali, afu fungua orodha ya masomo ya mwaka wa tatu na wa nne uangalie kama kuna kioo, tofali za moto (zile zinazovumilia joto kali la tanuru), na michoro ya fezi (inayoonesha mchanganyiko fulani kwenye joto fulani kipi ni kigumu na kipi ni kimiminika). Ukipata mtu wa kumuuliza, muulize swali moja tu: wanafunzi wanawasha tanuru wenyewe au wanaoneshwa? Kama wanaoneshwa tu mi nisingeenda.

Masomo ya kuingilia ni yale yale, hesabu, fizikia, kemia, ila kemia usiichukulie kama ya kuvukia tu.

Mwaka wa kwanza na wa pili unasoma kama mainjinia wengine, sina cha kukwambia. Kizingiti kinakuja kwenye michoro ya fezi. Watu wanaikariri kama ramani afu mtihani ukigeuza swali kidogo wanapata sapu. Usikariri. Chukua karatasi, chora mwenyewe mchoro wa alumina na silika (kitu kikuu kwenye mchanga), weka alama kwenye mchanganyiko mmoja, anzia juu kabisa kila kitu kikiwa kimiminika, afu shuka taratibu na kila ukisimama jiuliza: saa hii kipi kimeganda, kipi bado kinatiririka, na kila kimoja kiko kiasi gani? Ukifanya hivo mara 20 na michanganyiko tofauti utashangaa mbona ulikua unaogopa.

Maabara ndo chuo chenyewe. Mwaka wa tatu nlikua na vijiti vyangu vya majaribio kwenye tanuru, udongo wenye kwatzi nyingi (fuwele za silika), tanuru linapoa, limefika kama nyuzi 600 hivi na mi nawahi basi la mwisho, nikafungua mlango kidogo kipoe haraka. Nikasikia "ti!", nikatulia, "ti! ti!". Kwatzi ikipoa ikafika nyuzi 573 inabadilisha umbo ghafla na kusinyaa, sasa nje kumepoa ndani bado, lazima kipasuke. Na nilikua nimeshaiandika hiyo 573 kwenye daftari kwa kalamu nyekundu kabisa! Wiki nzima imeenda na maji. Kwa hiyo panga ratiba yako kwa kufuata tanuru, lenyewe halikusubiri.

Mambo mawili mengine ya maabara. Usivunje vipande vitatu ukaandika wastani, seramiki inakatikia kwenye kasoro yake kubwa kwa hiyo kila kipande kina nguvu yake, vunja hata 30 na ujifunze mapema takwimu za Weibull, yaani hesabu za kuonesha nguvu za vipande zinavyotofautiana. La pili vumbi: silika inaharibu mapafu na hayaponi, vaa barakoa na futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Sasa kazi. Tofali za moto watu wanazidharau kwa sababu ni joto, kelele, na zamu za usiku kwenye viwanda vya chuma, saruji na kioo, lakini kwa anayeanza mi naona ndo pazuri kuliko pote, maana chuma kinayeyushwa kwenye nyuzi 1600 na tofali zinaliwa kila siku, yaani lazima mtu awepo wa kujua zimeliwaje. Elektroniki ni safi ila utashinda na poda ile ile. Kioo kinataka subira, tanuru lake likiwashwa linaenda zaidi ya miaka 10 bila kuzimwa. Meno, mifupa bandia na injini za ndege wanaipenda sana shahada ya pili.

Fildi usiende ofisini, omba kiwanda chenye tanuru, na kwenye sivii andika vitu vinavyopimika: umechoma nini, nyuzi ngapi, umepima nini. Na ukiitwa intavyuu usishangae mtu akikuwekea kipande kilichovunjika mezani akuulize kimevunjikaje. Usikimbilie kujibu. Kigeuze kwenye mwanga utafute sehemu moja laini inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, mistari yote inatokea hapo, na katikati yake mara nyingi utakuta katundu au kaufa kadogo. Kaoneshe kwa kidole, afu ndo uanze kuongea.