Kupima trombopoietini na chembe sahani kwa panya wenye uvimbe

Panya mdogo wa maabara mwenye afya ana takriban chembe sahani (chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda) milioni 1 katika kila mikrolita ya damu; binadamu ana 150,000 hadi 450,000. Uvimbe wa saratani mara nyingi huipandisha idadi hiyo. Ili kujua kama chanzo ni trombopoietini, protini ya plazma (majimaji ya damu) itokayo hasa kwenye ini na kuuchochea uboho utengeneze chembe sahani, pima vyote viwili katika damu ile ile.

Panya wa gramu 25 ana damu mililita 2 hivi. Chota mikrolita 150 kwenye kichupa chenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, kisha kipindue taratibu mara kumi. Damu ikisita, usikamue: majimaji ya kidonda huzifanya chembe sahani zigandamane, na mashine huhesabu fungu zima kama chembe moja au hulipita kabisa. Kwa hiyo paka tone kwenye kioo, litie rangi, ukague ukingo wake kwa hadubini. Ukiona mafungu, hesabu hiyo haifai hata ikionekana nzuri.

Zungusha damu iliyobaki kwa nguvu ya 2,000 g (mara 2,000 ya mvutano wa dunia) dakika 10, hamisha plazma, zungusha tena, igandishe kwa baridi ya nyuzi -80 za Selsiasi. Usitumie seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kwani damu ikiganda chembe sahani humwaga zilichobeba. Kipimo cha elisa, kinachopima protini kwa kutumia kingamwili, kiwe cha panya.

Sasa linganisha na panya wasio na uvimbe, wa ukoo, jinsia na umri ule ule. Hapa wengi hujikwaa. Chembe sahani hunasa trombopoietini na kuiondoa kwenye damu, hivyo kwa kawaida chembe zikiwa nyingi, trombopoietini hupungua. Vyote viwili vikiwa juu, ini linasukumwa, na msukumaji anayejulikana ni intaleukini-6, protini ya kupeleka ishara, inayotoka kwenye uvimbe. Chembe chache na trombopoietini nyingi huelekeza kwenye uboho uliodhoofika. Chembe chache na trombopoietini ya kawaida, kwenye chembe zinazoharibiwa upesi.

Kuthibitisha, wape kundi moja kingamwili dhidi ya intaleukini-6 na jingine kingamwili isiyolenga kitu. Usihesabu kesho yake: chembe sahani za panya huishi siku 4 hadi 5, kwa hiyo subiri wiki. Pima pia himoglobini, maana uvimbe unaovuja damu humaliza madini ya chuma, na upungufu huo nao huongeza chembe sahani.