Kukagua Sarafu Yenye Kasoro: Anza na Mstari

Mimi ni fundi saa, River Road, Nairobi. Lenzi ninayobana jichoni kutazama matumbo ya saa ndiyo hiyo hiyo ninayokagulia sarafu. Inakuza mara 10, yatosha. Watu huniletea shilingi zenye kasoro wakidhani ni kosa la kiwandani lenye thamani, kana kwamba wameokota shamba la Karen, mtaa wa matajiri. Nyingi zimekanyagwa na matatu tu.

Ukiona mstari juu ya sarafu, kwanza tazama: umeinuka au umechimbika? Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Muhuri ukipata ufa, madini ya sarafu huingia humo, basi ufa huo hutokea umeinuka. Mkwaruzo wa msumari huchimba. Jicho hudanganyika kirahisi hapa, kwa hiyo weka taa ubavuni na uzungushe sarafu polepole, ufuate kivuli.

Maandishi pacha ndiyo yanayosumbua zaidi. Wakati wa kutengeneza muhuri, mchoro hukandamizwa juu yake. Ukikandamizwa mara mbili na ukasogea kidogo, kila sarafu itakayogongwa itakuwa na herufi pacha, zote mbili zimeinuka na kutuna, ncha zake zimegawanyika. Senti ya Marekani ya 1955 ilipata jina kwa hilo. Lakini muhuri ukicheza wakati wa kugonga, herufi husukumwa ubavu: pembeni hubaki kingo bapa, na herufi yenyewe hukonda. Hiyo mimi sikuongezei hata shilingi.

Sarafu iliyomegeka pembeni, kagua ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo. Ukingo ukiwa hafifu hapo, kuna matumaini kwamba ilitoka kiwandani hivyo. Ukiwa mzima kabisa, mshuku mwenye tupa.

Kichwa cha Mzee Kenyatta bila maneno kukizunguka si kosa. Sarafu za 1966 hadi 1968 zilitoka hivyo. Maneno yaliongezwa 1969. Vilevile herufi ndogo H au KN kwenye zile kuukuu za Afrika Mashariki ni alama tu ya kiwanda.

Mbao, yaani sarafu ya shilingi ishirini, isiyo na kiini cha katikati? Tazama ukuta wa ndani wa tundu. Ukiona alama za patasi au nyundo, hiyo ni kazi ya jua kali.

Na usiisugue kwa limau wala majivu. Ukitaka maoni ya mtu, piga picha pande zote mbili, ukiweka kando yake sarafu nzima ya mwaka huo huo.