Somo: Mahameli ya rafia, kazi ya mikono ya miezi ya joto

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukiingia, swali ni lile lile: sufu inanata vidoleni, sweta iliyolala mapajani inachoma kama blanketi, tufanye nini mpaka mvua irudi? Nimelijibu vipande vipande na kila mtu ameondoka na nusu. Leo naliandika lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jibu langu ni rafia, zile nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mnazi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi ni ya sindano za triko, sina ubishi. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi, kipande cha rafia cha sentimita 15 kwa 15 hakina uzito wala hakishiki joto. Tena ule unyevu mdogo wa vidole unaokwamisha uzi wa sufu kwenye sindano ndio unaoilainisha rafia isipasuke.

Ufundi wenyewe ni wa Wakuba wa Kasai, na Washoowa, kundi mojawapo la Wakuba, wanasifika kwa huo kuliko wote. Kwa desturi yao wanaume husuka kitambaa cha rafia, wanawake hukitarizi mpaka uso wake uwe kama mahameli. Masimulizi ya Kikuba humtaja mfalme Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, kuwa ndiye aliyeuleta kutoka kwa Wapende. Hapa nafundisha kipande kidogo cha kujifunzia, si kile cha kuvaliwa kwenye sherehe.

Andaa hivi: kitambaa cha msingi cha sentimita 25 kwa 25 (mchoro wa 15 kwa 15 utakaa katikati), fungu la rafia lenye unene wa kidole gumba na urefu wa mita 1 hivi, sindano mbili zenye tundu pana, mkasi mdogo wa kucha wenye ncha zilizopinda, chaki, kitambaa cha pamba chenye unyevu, kitana.

1. Pinda kingo za kitambaa na uzishone, zisifumuke.

2. Lainisha msingi. Kitambaa cha rafia kipya ni kikavu kama karatasi. Kasai hukitwanga kwenye kinu. Nyumbani, kifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa, kisha kipige taratibu kwa mchi au kiviringishie chupa mpaka kikunjike bila kulia. Ukikosa kitambaa cha rafia, tumia amerikani nzito.

3. Pasua rafia iwe nyuzi za upana wa milimita 1 au chini, zisugue kati ya viganja, zipitishe kwenye kitana. Kata urefu wa sentimita 40. Shika nyuzi tatu au nne pamoja: hilo ndilo fungu lako la sindano.

4. Chora kwa chaki. Anza na msalaba wa maumbo ya almasi. Pembe zake zinahesabika kwa nyuzi za kitambaa na hazikudanganyi.

5. Shona mistari ya mpaka kwanza, mshono wa kurudi nyuma nusu, bila kukata. Mistari hii ni ukuta. Vishungi, yaani vile vinyweleo vifupi vya rafia vinavyosimama kama mahameli, vitaegemea hapo.

6. Vishungi. Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa ndipo kazi za wengi zinapofia, kwa hiyo someni mara mbili.

Pitisha sindano chini ya uzi mmoja tu wa msingi. Kwenye amerikani, chini ya nyuzi mbili au tatu. Vuta polepole mpaka ubaki mkia wa milimita 2 upande ulikotokea. Ubane mkia huo kwa kidole gumba, kisha kata upande wa pili kwa urefu ule ule. Mshono mmoja umekupa vishungi viwili vilivyosimama. Sogea milimita 2, rudia. Hakuna fundo popote. Kinachoshikilia kishungi ni mbano wa nyuzi za msingi na ujirani wa vishungi vingine vinavyosukumana.

Kwa sababu hewa ya hapa ni kavu mno kabla ya mvua, rafia inavunjika, na mtu anashawishika kuiloweka kwenye beseni. Usiloweke! Rafia iliyoshiba maji huvimba. Unaishona ikiwa nene, inakaa vizuri, unafurahi. Usiku inakauka, inasinyaa, na asubuhi vishungi vinatoka vyenyewe ukikung'uta kitambaa. Ifunge tu kwenye kitambaa kilichokamuliwa sana, utoe fungu moja moja. Ukiigusisha shavuni uhisi ubaridi, lakini shavu lisilowe.

Mambo mengine yanayoangusha vishungi: msingi uliosukwa kwa kulegea, na fungu jembamba kupita tundu linalotengenezwa na sindano. Sindano ikipita bila kukaza hata kidogo, ongeza uzi mmoja wa rafia au badili sindano iwe ndogo. Na usiache vitanzi ukisema utavikata mwishoni mwa mstari. Mshono wa pili unanyonya kitanzi cha kwanza, unajikuta na urefu usiolingana.

Ukifika sentimita 2 kwa 2, simama. Iache ikauke usiku kucha, kisha ikwaruze kwa ukucha na kuikung'uta. Vishungi vikianguka, rekebisha fungu au msingi sasa hivi, kabla hujamaliza saa kumi za kazi bure.

7. Kukata. Mkasi ulale sambamba na kitambaa, ncha zilizopinda zielekee juu. Wembe ni mwepesi zaidi, lakini ukikata uzi mmoja wa msingi, safu yote iliyobanwa na uzi huo inalegea. Ikitokea, chukua uzi mpya wa rafia, usuke juu ya njia ya ule uliokatika, uvuke sentimita 1 na nusu kila upande.

8. Malizia kwa mswaki mkavu. Usifue.

Hesabu ya muda, maana nayo inaulizwa kila siku: nusu ya mchoro wa 15 kwa 15 ikijazwa vishungi, kwa mishono 25 kila sentimita ya mraba, unapata kama mishono 2,800. Mkono mpya unatoa mitatu au minne kwa dakika. Ni saa 12 hadi 16. Gawanya kwa jioni zako.

Maswali ya wanachama

MwanaKatuba: Aksanti yaya. Sasa fundo la mwisho nafunga upande gani?

Mwandishi: Hakuna fundo. Hatua ya 6, aya ya pili.

Mama wa Kamalondo: Mi nina magunia ya unga hapa nyumbani, yale ya plastiki meupe. Yanafaa kwa msingi?

Mwandishi: Hapana mama. Uzi wake ni bapa na unateleza, hauwezi kubana kitu. Gunia la juti, lile la kahawa, linaweza kufanya kazi, ila nyuzi zake ziko mbalimbali. Lifue kwanza kwa maji ya moto, likauke, litajikaza. Kisha ongeza fungu lako mpaka nyuzi sita au saba. Na tumia sindano butu, ile ya kuunganishia vipande vya triko, isipasue juti. Ile yenye ncha kali iweke kwa amerikani.

Jioni_Kenya: Hakuna njia ya haraka? Kama gundi kwa nyuma?

Mwandishi: Hakuna. Gundi inapanda kwenye nyuzi, inakauka, na vishungi vinakuwa bua za ufagio.

Sindano ya Ruashi: Kuna kitu kimenishangaza. Nimetumia rafia ya fungu moja, rangi ya asili, bila kuchanganya. Lakini almasi mbili zinaonekana nyeusi kidogo kuliko nyingine. Nikigeuza kitambaa, zinabadilishana. Nimekosea?

Mwandishi: Hujakosea, umegundua siri ya kazi hii mapema. Angalia almasi zile umezishona kufuata nyuzi gani. Ukipitisha sindano chini ya uzi wa mtande (ule wa urefu wa kitambaa), vishungi vinalala kidogo upande mmoja. Ukipitisha chini ya uzi wa mshindio (ule unaoukatiza), vinalala upande mwingine. Mwanga unagonga ubavu wa nyuzi hapa, na ncha zake pale. Ncha humeza mwanga, ubavu huurudisha. Kwa hiyo kwa rafia ya rangi moja unaweza kuchora mchoro mzima kwa kubadili mwelekeo tu. Jaribu ubao wa dama: mraba mmoja mtande, mmoja mshindio. Uupige mswaki kila mraba kwa mwelekeo wake, si wote pamoja, la sivyo utaufuta mchoro wako. Tuonyeshe ukimaliza, nataka kuuona.

Sindano ya Ruashi: Nitaleta picha. Na rangi nyeusi? Sitaki ya dukani, ile inachafua vidole.

Mwandishi: Chai na chuma. Kwa gramu 20 za rafia chemsha gramu 50 za majani ya chai kwenye lita 2 za maji, dakika 30, chuja, tia rafia, iache mpaka asubuhi. Wiki moja kabla uwe umeweka misumari yenye kutu ndani ya siki, kwenye chupa ambayo kifuniko hakijakazwa, maana inatoa hewa. Chukua vijiko vitatu vya maji hayo ya kutu, uvitie kwenye lita 1 ya maji safi, zamisha rafia dakika 10. Inageuka machoni pako. Ikiwa kijivu, irudishe kwenye chai, kisha kwenye chuma tena. Ni bora kuzamisha mara tatu kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa saa nzima: chuma kikizidi kinaila rafia, baada ya miezi inakatika kama majani makavu. Isuuze mpaka maji yawe meupe.

Bibi wa Bel-Air: Naongeza kitu. Manjano ya jikoni yanatoa rangi nzuri sana lakini jua linaifuta. Maganda ya vitunguu yanadumu zaidi, yanatoa dhahabu inayoelekea kahawia. Mimi naweka maganda ujazo wa sufuria mbili zilizobanwa kwa rafia hiyo hiyo ya gramu 20.

Mwandishi: Kweli kabisa bibi. Na kwa wanaotafuta nyekundu: unga wa mti wa nkula hauyeyuki vizuri ndani ya maji, msishangae ukibaki chini ya sufuria.

Papa_Kampemba: Nimefuata KILA KITU na vishungi vimeanguka vyote. Somo hili lina kasoro.

Mwandishi: Rafia uliilainisha vipi?

Papa_Kampemba: Niliiweka kwenye ndoo tangu usiku, si umesema iwe na unyevu?

Mwandishi: Nimesema usiloweke, na nimeeleza kwa nini. Na kipimo cha sentimita 2 kwa 2 ulikifanya?

Papa_Kampemba: Hapana.

Mwandishi: Basi kasoro haiko kwenye somo. Msingi wako bado ni mzima, papa. Vitoe vilivyobaki, kitambaa ukinyunyizie maji kidogo matundu yajifunge, anza upya na rafia iliyokaa kwenye kitambaa kilichokamuliwa.

Mke wa fundi: Nikikaza kitambaa kwenye fremu ya duara, nikisogeza fremu inaponda vishungi vilivyokwisha. Mnafanyaje?

Mwandishi: Wengi hawatumii fremu, wanashika mkononi. Ukiitaka, iwe kubwa kuliko mchoro wote usiisogeze. Vilivyopondwa vipitishie mvuke wa birika kwa sentimita 20, sekunde chache tu, kisha mswaki. Vinainuka.

MwanaKatuba: Nimesoma sasa, samahani kwa swali la kwanza. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kipande kitaota ukungu?

Mwandishi: Hakuna neno. Ndiyo, ukikifungia kwenye mfuko wa plastiki. Kiviringishe, uso wa vishungi uwe nje, juu ya bomba la karatasi, kifunike kwa kitambaa cha pamba, kiweke mbali na ukuta. Siku ya jua kitoe nje kivulini nusu siku. Jua kali linapausha rangi.

Mama wa Kamalondo: Macho yangu hayawezi milimita 2. Kuna kitu kingine cha joto hili kisichohitaji macho makali?

Bibi wa Bel-Air: Ushanga wa karatasi, mama. Kata pembetatu ndefu kwenye kalenda ya zamani, kitako sentimita 2 na nusu, urefu 28. Anza kitako, viringisha juu ya njiti ya mshikaki, gundi iwe kwenye robo ya mwisho tu, ukipaka mwanzoni inang'ang'ania njiti. Ikauke, kisha vanishi mara mbili.

Mwandishi: Na karatasi ya kalenda ikiwa nene sana, punguza urefu mpaka 20, la sivyo shanga inakuwa pipa na tabaka la mwisho linafumuka. Njiti izungushe wewe, karatasi uiongoze tu kwa kidole. Ikienda upande, fungua urudie kabla gundi haijashika.

Mama wa Kamalondo: Kalenda ninayo ya mwaka jana. Naanza kesho.