Ninavyomwombea mziwanda wangu

Nina watoto watano. Nikimwita wa mwisho huanzia kwa kifungua mimba, nikashuka jina kwa jina, naye anakuwa ameshasimama mlangoni kitambo akinisubiri nimfikie. Sweta lake la shule nalo ni hivyo hivyo: kwenye kola kuna majina matatu ya kalamu, mawili yamekatwa, lake limebanwa pembeni.

Kwa hiyo ukitaka kumwombea kitinda mimba, anza kwa kumtaja jina. "Bwana, wabariki wanangu" ni sala njema, lakini humo ndani ya "wanangu" yeye humezwa. Hata Yese, mwenye wana wanane, alipitisha saba mbele ya nabii Samweli, aliyekuja kumpaka mafuta mfalme, na wa nane, Daudi, hakuitwa. Alipoulizwa ndipo akasema, "Amesalia mdogo wao," yuko na kondoo. Samweli akakataa kuketi hadi aletwe. Soma 1 Samweli 16 kabla hujaanza. Mimi huisoma nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, na yeye hupenda pale pa kukataa kuketi.

Muda wangu ni usiku, akishajifunika. Huku Marangu, mlimani Kilimanjaro, Julai ni baridi kwelikweli, basi napasha viganja kwenye kikombe cha chai kwanza, maana mkono wa barafu kichwani humchekesha na sala ikaishia hapo. Mkono kichwani, dakika mbili, yatosha. Ukirefusha utamwombea mtu aliyelala. Si vibaya, ila hatasikia jina lake. Na usimwombee siku hiyo hiyo uliyomchapa huku ukimsimulia Mungu makosa yake; hiyo ni kumsema mtoto huku umefumba macho.

Kabla ya kulala muulize leo kulikuwa na nini, umpelekee Mungu hicho hicho. Mimi husema hivi, nawe badilisha:

"Baba wa mbinguni, asante kwa (jina), uliyetuletea tulipodhani tumemaliza. Leo hesabu za kugawanya zimemshinda. Kesho mtulize akili. Mkinge na dharau ya wakubwa wake na udekezaji wangu. Ukimpangia kukaa hapa, akae kwa furaha. Ukimpangia mbali, nipe moyo wa kumwachia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina."

Hayo ya kumwachia niliyaongeza baada ya kukosea. Kwetu Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya baba na kubaki na wazazi. Siku moja jumuiya ilisali nyumbani kwangu, nikaomba kwa sauti, "Bwana, huyu mdogo mfanye mkongojo wetu wa uzeeni." Wote wakaitikia amina. Yeye alikuwa na miaka tisa, amebeba sinia la vikombe. Usiku akaniuliza, "Mama, nikienda kusoma mbali, nani atawashika?" Sikuwa na jibu. Nilimrekebishia blanketi tu.

Tangu hapo mkongojo nimeuondoa kwenye sala. Raheli, mke wa Yakobo, akikata roho alimwita mwanawe wa mwisho Benoni, mwana wa huzuni yangu, lakini Yakobo akambadilishia jina: Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Iko Mwanzo 35:18. Hofu zangu za uzeeni namwambia Mungu peke yangu, nikiwakatia ng'ombe majani, mtoto akiwa shule.

Wakubwa nao washirikishe. Desemba wakirudi wote nyumbani, mtafute mmoja amwekee mkono mdogo wake. Ila jiandae kusikia manung'uniko kwanza. Wangu waliniambia, "Sisi tulichapwa kwa kosa hili hili, huyu anapewa soda." Wana haki. Hata mezani kwa kaka yake Yusufu sehemu ya Benyamini ilizidi za wenzake mara tano, na Biblia imeandika. Nikawaomba radhi, ndipo kaka yake mkubwa akasimama akaomba mstari mmoja tu: "Bwana, huyu asome kutupita." Baba yao akafunga kwa kitabu cha Hesabu 6:24: "Bwana akubarikie, na kukulinda." Siku ya neno kukauka mdomoni, hilo pekee linatosha, hadi mstari wa 26.

Mwisho mgeuzie zamu. Kitinda mimba huombewa na kila mtu, mara chache anaachiwa kuomba. Usimfundishe maneno wala usimsahihishe katikati. Juzi wangu aliomba kwa ajili ya goti la baba yake, akamwombea mbuzi mwenye mimba, kisha akasema, "Na mama asiwe anaita majina yote kabla ya langu." Amina nilichelewa kuitikia kwa kucheka, naye akaisema mwenyewe, akavuta blanketi.