Mwanao anasoma udaktari Marekani? Msome mkataba wa mwaka wa kwanza kabla ya vigelegele

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa nyinyi ambao mtoto yuko mwaka wa tatu na ukoo mzima umeshaanza kumwita daktari, nawaandikia kuhusu kitu kimoja tu: nafasi ya residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini baada ya chuo) inayoitwa preliminari. Imetupitia nyumbani kwetu na bado inauma.

Njia yenyewe haina siri. Shahada ya kwanza miaka minne, mtihani wa MCAT wa kuingilia chuo cha udaktari, maombi mwanzoni mwa kiangazi, chuo cha udaktari miaka minne. Katika mitihani ya leseni, Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama zinazotazamwa ni za mtihani unaofuata, Step 2 CK. Maombi ya residensi yanafika hospitalini Septemba kupitia mtandao wa maombi uitwao ERAS, usaili hadi Januari, kisha mwanafunzi anaorodhesha hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinaorodhesha wanafunzi, na kompyuta ya NRMP, shirika linalogawa nafasi hizo, inawakutanisha. Majibu ni wiki ya tatu ya Machi. Mtoto anayajua haya kukuzidi.

Asichokijua ni jinsi wewe unavyoyasikia. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua utaratibu wetu: miaka mitano Muhimbili, Bugando au KCMC, mwaka mmoja wa intern katika hospitali uliyopangiwa, unasajiliwa na Baraza, basi. Wewe ni daktari kamili, unaweza kupelekwa hospitali ya wilaya kesho, na ubingwa utausoma ukiwa tayari. Wakenya nao njia yao haitofautiani sana. Huku Marekani, mtoto akihitimu anapewa jina la daktari, lakini haruhusiwi kutibu peke yake. Ni lazima aingie residensi, na ndiyo inayomfanya bingwa: miaka mitatu kwa magonjwa ya ndani, mitano kwa upasuaji wa jumla au wa mifupa, saba kwa ubongo. Hakuna kituo cha kupumzika katikati.

Binti yangu alitaka mifupa. Alama alikuwa nazo, barua za mapendekezo alikuwa nazo. Ofisi ya chuo iliyolipwa kumshauri ikamwambia orodha yake inatosha, hakuna haja ya kuomba na fani ya pili. Baada ya usaili baadhi ya hospitali zikamwandikia ujumbe mtamu kwamba zimempenda sana. Hapa niseme ukweli kuhusu wenyeji wetu. Mmarekani hakuambii hapana usoni. Atakuambia wewe ni hodari, atakushukuru, atatabasamu, na jina lako liko chini kabisa kwenye orodha yake. Ujumbe ule hauna uzito wowote kwenye NRMP. Ripoti zao wenyewe zinaonyesha kila mara kwamba waliokosa nafasi kwa kawaida waliorodhesha hospitali chache kuliko waliopata. Mifupa, ngozi, ubongo, upasuaji wa plastiki, masikio-pua-koo: kwenye fani hizi hata mwanafunzi mzuri anakosa. Fani ya pili iombwe Septemba, siyo Machi.

Jumatatu asubuhi ikaja barua pepe: hakupata. Wakati huo ndipo linapofunguliwa soko la nafasi zilizobaki, linaitwa SOAP. Mwanafunzi anaruhusiwa kuomba hadi sehemu 45, anahojiwa kwa haraka, na Alhamisi ofa zinatoka kwa raundi. Ikitoka ofa, ana muda mfupi mno wa kuamua, na akikubali amefungwa. Binti akapata nafasi ya upasuaji, hospitali kubwa, mji mzuri. Mwaka mmoja, akasema. Sisi masikioni mwetu mwaka mmoja ni intern, na baada ya intern mambo huendelea. Pilau likapikwa. Mama mdogo wa Tanga akatangaza kwa majirani.

Nafasi yenyewe ilikuwa preliminari, na preliminari maana yake mkataba unaisha mwishoni mwa Juni mwaka unaofuata na hakuna anayewajibika kukupa mwaka wa pili. Narudia: hakuna anayewajibika. Nafasi inayokwenda mpaka mwisho wa ubingwa inaitwa kategorikali. Wapo wanaoanza na preliminari kwa mpango: mtoto wa ngozi au wa mionzi anaweza kupata mwaka wa kwanza mahali pamoja na miaka inayofuata mahali pengine, vyote vikiwa vimeandikwa. Huyo mpikie pilau. Lakini preliminari ya upasuaji isiyo na kitu mbele yake ni daladala inayokushusha Kibaha wakati nauli umelipa ya Morogoro. Na kila Machi nafasi hizo zinabaki nyingi, kwa sababu wenye uchaguzi wanazikwepa. Hospitali inazihitaji, zamu za usiku lazima ziwe na watu.

Angalieni pia kalenda, maana hapo ndipo mtego unapobana. Kazi inaanza mwishoni mwa Juni au Julai. Maombi mapya yanapelekwa Septemba. Bosi anayetakiwa kumwandikia barua amemjua kwa miezi miwili. Mtoto anafanya kazi hadi saa 80 kwa wiki, ndiyo kikomo cha kanuni za mafunzo kwa wastani, na katika saa hizo atafute ruhusa ya kwenda usaili. Wenziwe wanaoshindana naye bado wako chuoni, wana muda wa kulala.

Kwa hiyo wakati wa kuhojiwa, kabla ya Alhamisi, aulize waziwazi. Ni kategorikali au preliminari? Wa preliminari wa mwaka jana wako wapi sasa, na wangapi walichukuliwa hapa hapa? Siku za usaili zinatolewa? Akijibiwa kwa tabasamu bila idadi, amejibiwa. Na chuo kikijisifu kwamba karibu wahitimu wake wote wamepata residensi, mwulize kama wa preliminari wamo kwenye hesabu hiyo.

Sasa niwaseme ndugu zangu, kwa upendo. Kaka yangu ni daktari na anafahamiana na watu. Jumatatu ile ile alitaka kumpigia mkuu wa idara fulani amsemee mpwa wake. Nyumbani huo ni wema. Huku, wakati wa SOAP, mwombaji haruhusiwi kuwasiliana na hospitali mpaka yenyewe imtafute kwanza, na katazo hilo linamhusu pia mtu yeyote anayemsemea. Simu ya mjomba inahesabika kuwa kosa la mtoto. Msipige. Msiandike. Shemeji, hata salamu usitume.

Si kwamba Wamarekani hawajuani. Wanajuana sana, ila kujuana kwao kunaanzia mwaka wa kwanza na kunavaa nguo za utafiti: mtoto wa daktari anaingizwa kwenye mradi wa rafiki wa baba, jina lake linatokea kwenye makala, na mwaka wa nne anakwenda mwezi mzima kufanya kazi kwenye idara anayoitaka ili wamzoee. Watoto wetu wanafika kwenye mlango huo wakiwa wamechelewa, tena wanafikiri alama zinatosha. Mhimize mwanao atafute mwalimu wa kumshika mkono mapema, hata kama kwa malezi yetu kujipendekeza ni aibu.

Kuhusu vyuo vya udaktari vya visiwa vya Karibi, nje ya Marekani: mwaka 2025 wahitimu wapya wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD walipata nafasi zaidi ya 93 kwa 100. Raia wa Marekani waliosoma nje ya nchi walikuwa kama 68. Ada hailingani na tofauti hiyo.

Binti yangu alipata mwaka wa pili, si kwenye mifupa, yuko kwenye dawa za usingizi na ameridhika. Mshahara wa mwaka wa kwanza unazunguka dola 60,000 na kitu kabla ya kodi, kwa hiyo wanaomwomba mtaji wa bodaboda wasubiri.

Fedha zenyewe zimebadilika. Mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa unafunika gharama zote, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mwanafunzi wa udaktari sasa anaishia dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, zinazobaki mtafute benki. Vyuo vingi binafsi vinazidi kiasi hicho, hivyo pigeni hesabu kabla ya kukubali nafasi chuoni. Na katika hesabu hiyo wekeni mwaka mmoja wa ziada wa riba, endapo atapewa preliminari.