SOMO: Chasisi ipi ngumu zaidi? Pima kwanza, ndipo tubishane

Swali ni lilelile kila wiki: kati ya fremu hii na ile, ipi inafaa gari la kuunga mwenyewe la mbio za mzunguko? Kisha watu wanarushiana namba za kwenye vipeperushi vya wauzaji. Naandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza namwelekeza hapa.

Tuelewane maneno kwanza. Uimara ni fremu inahimili kiasi gani kabla ya kuvunjika. Ukakamavu ni inajisokota kiasi gani ikiwa bado nzima. Kwenye kona kinachokuangusha ni hicho cha pili: unabadilisha stabilaiza ya mbele (fimbo inayozuia gari kulala), gari halijibu, kwa kuwa fremu yenyewe imegeuka springi ya tano. Ndiyo maana paipu ya kromoli (chuma kilichochanganywa kromi na molibdenamu) haikusaidii hapa. Inachelewa kuvunjika, lakini ukakamavu wake ni sawa na wa chuma cha dukani, kama gigapaskali 200 vyote viwili. Aluminiamu ni kama 70.

Tunachopima ni Nm (newton-mita, nguvu ya kusokota) kwa digrii moja ya msokoto.

Hatua ya 1. Vua matairi. Toa springi na shokapu, weka vyuma vigumu vya urefu uleule mahali pake. Fungua stabilaiza.

Hatua ya 2. Funga habu za nyuma kwa bolti kwenye stendi mbili. Stendi za jeki za kuegesha tu hazifai, upande mmoja utanyanyuka.

Hatua ya 3. Mbele, gari likae juu ya egemeo moja, katikati kabisa ya upana: kipande cha shafti ya mviringo juu ya gogo la chuma kinatosha. Funga boriti ngumu kutoka habu hadi habu, ipite nje upande mmoja hadi mita 1 kamili kutoka kwenye egemeo.

Hatua ya 4. Hii isome mara mbili. Hapa niliwahi kuharibu kipimo kizima. Unafunga nyuma, unaamini imetulia, unasoma mbele peke yake. Nyuma haijatulia. Stendi inanesa, bolti inacheza, sakafu ya gereji ina ufa, na mneso wote huo unauhesabu kama udhaifu wa fremu. Kwa hiyo daio geji (saa za mshale za kupima msogeo mdogo) ziwe nne: mbili mbele, mbili nyuma, zikigusa chasisi pale mikono ya saspensheni inapofungwa, si kwenye boriti wala habu. Miguu ya geji isimame sakafuni, isiguse stendi. Ukiwa na mbili tu, pima mbele, shusha mzigo, hamishia nyuma, pandisha mzigo uleule.

Onyo jingine la hatua hiihii: kabla ya kusoma chochote, pandisha mzigo na kuushusha mara tatu ili viungo vijikalie, kisha rudisha geji kwenye sifuri. Ukishusha mzigo na geji isirudi sifuri, kuna kitu kimeteleza. Usiandike namba hiyo. Tafuta bolti.

Hatua ya 5. Mzigo. Mfuko wa saruji wa kilo 50, na hapa Tanga haukosekani. Upitishe kwenye mizani kwanza, hasa uliochanika. Ning'iniza pale kwenye mita 1. Soma geji zote. Ongeza wa pili, soma. Shusha mmoja mmoja, soma tena. Asikae mtu chini ya gari.

Hatua ya 6. Hesabu. Mfuko mmoja: 50 × 9.81 × 1 = 490.5 Nm. Tuseme geji za mbele ziko mita 1.2 mbalimbali, kushoto imepanda milimita 2.1, kulia imeshuka 2.3. Jumla 4.4. Gawa kwa 1200, zidisha kwa 57.3 (kugeuza radiani kuwa digrii): digrii 0.210. Nyuma jumla ni milimita 0.5 kwa upana uleule: digrii 0.024. Toa, unabaki na 0.186. Gawa 490.5 kwa 0.186, unapata kama Nm 2,630 kwa digrii. Bila kutoa ya nyuma ungepata 2,335 na ungemtukana aliyekuuzia fremu bure.

Hatua ya 7. Linganisha kwa haki. Fremu ndefu hujisokota zaidi, basi zidisha jibu lako kwa umbali kati ya geji za mbele na za nyuma kabla ya kuiweka kando ya fremu fupi. Gawa pia kwa uzito wa fremu. Ngumu kama reli na nzito kama reli haishindi mbio. Namba ya muuzaji iulize mambo matatu: injini ilikuwemo? Keji ya kumlinda dereva ilikuwemo? Na kipimo ni gani? Pauni-futi 2,000 kwa digrii ni Nm 2,712. Akikupa namba kwa radiani, imevimba mara 57.

Kiasi gani kinatosha? Wengi hulenga fremu iwe ngumu mara 5 hadi 10 kuliko ugumu wa springi na stabilaiza zinazozuia gari kulala. Zaidi ya hapo unabeba chuma.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Mwana_Chumbageni: Mkuu mimi nipe namba tu, fremu ya aina ya Lotus Seven ina ngapi?

Mwandishi: Ipi? Seven, kigari chepesi cha Kiingereza, imeanza 1957, kampuni ya Caterham wameichukua 1973, na katikati na baada yake kila mwenye mashine ya kuchomelea ametengeneza yake. Hatua ya 7.

Mwana_Chumbageni: Mbona mkali, kaka, nimeuliza tu.

Mwandishi: Si ukali. Nikikutajia namba utaenda kubishana nayo kijiweni, na mimi sijui ilipimwa vipi. Pima yako uilete, nitakusaidia hesabu.

Paipu_Mraba: Nimejenga kwa skwea paipu 25 kwa 25 ya unene wa 2 mm badala ya 1.5. Si nimeshamaliza tatizo?

Mwandishi: Hujamaliza. Umetoka kilo 1.1 kwa mita hadi 1.44, yaani uzito umepanda kwa asilimia 30, na ukakamavu haupandi zaidi ya hapo. Uwazi wa mraba usio na mshazari unabaki uwazi. Chukua ganda la kiberiti, toa droo, libonyeze kwenye pembe: linalala lenyewe. Gundisha kijiti kimoja cha mshazari mdomoni, halilali. Mshazari wa sentimita 80 kwa paipu ya 1.5 haufiki kilo moja. Anza na sehemu ya injini na pale miguu inapokaa, kisha funga handaki la shafti juu na chini. Mshazari uishie kwenye kiungo. Ukiishia katikati ya paipu umetengeneza upinde.

Kompyuta_Tu: Saruji na mizani ni utani. Wenzetu wanapiga kila kitu kwenye programu.

Mwandishi: Na wenzetu haohao wakishajenga wanapima. Programu inadhani kila ulichochomelea kimeshika sawasawa na kila bolti haichezi. Itumie kujua mshazari uwekwe wapi, ipo kwa kazi hiyo na inaifanya vizuri. Namba ya mwisho itoke kwenye chuma.

Binti_Raskazone: Shikamoo. Samahani, sina daio geji hata moja. Leza ya kupimia ya mafundi vigae inaweza kusaidia?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri kuliko yote hapa. Inaweza. Ifunge kwenye mhimili wa kukingama wa mbele, iangalie ubavuni, si mbele, ipige ukuta ulio mita 5. Kwa mfano wa hapo juu nukta ingehama milimita 18 hivi. Fanya hivyohivyo kwenye mhimili wa nyuma, ingehama 2, toa. Unabaki na 16. Gawa kwa 5000, zidisha kwa 57.3. Weka alama kwa penseli yenye ncha, katikati ya nukta. Na zima kitu cha kujishika usawa chenyewe ndani ya leza, la sivyo itajinyoosha na utasoma sifuri.

Binti_Raskazone: Ahsante. Je, nikipima kila baada ya mshazari mmoja?

Mwandishi: Ndiyo hasa! Shikiza kwa nukta mbili za kuchomelea, pima, usipoona tofauti kata. Hivyo utajua kila kilo imekununulia nini.

Fundi_Ngamiani: Naongezea. Bati la aluminiamu sakafuni na ubavuni likigongwa ribiti za karibukaribu pamoja na gundi linafanya kazi ya mshazari. Lakini kwa chumvi ya pwani yetu, aluminiamu ikigusa chuma kitupu inaliwa ikawa unga mweupe. Paka rangi chuma kwanza, gundi ipite mstari mzima.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na ncha za paipu zote zizibwe kwa kuchomelea. Kutu ya ndani huioni mpaka siku paipu inaingia kidole.

Paipu_Mraba: Na fremu yangu imejikunja baada ya kuchomelea, upande mmoja umepanda milimita 6. Nifanyeje?

Mwandishi: Ulimaliza upande mmoja ndipo ukahamia wa pili, sivyo? Shikiza fremu nzima kwa nukta kwanza, kisha chomelea vipande vifupi ukiruka pembe kwa pembe. Hiyo iliyokwisha kupinda, kata kiungo kilichovuta, rudisha usawa juu ya meza, chomelea upya. Usiivute kwa jeki.

Fundi_Ngamiani: Na asichomelee jioni umeme ukiwa mdogo. Juu inang'aa, chini haijashika.